Kikopo kisicho na jina, na chunusi za Babu

Muuzaji hakugusa zile bidhaa zilizopangwa kwenye shelfu na taa zake. Aliinama akavuta droo ya chini, akatoa kikopo cheupe, hakina jina hakina tarehe hakina chochote, akakisukuma kwenye kaunta. "Chukua hii mdogo wangu. Siku tano tu uso umetakata."

Babu sio babu kweli, ni mtoto wa dada yangu, ana jina la marehemu babu yetu ndo maana nyumba nzima tunamuita hivyo. Yuko kidato cha tatu, bweni, na siku ile alikuwa likizo, tumetoka kutafuta viatu vya shule pale Mbagala Rangi Tatu akaniambia mamdogo tupite hapa mara moja. Alikuwa na barakoa. Korona mtaani kwetu ilishasahaulika lakini yeye barakoa haijawahi kutoka usoni, na sisi watu wazima tulikuwa tunasifia kabisa, eti huyu mtoto anajali afya.

Nikauliza ndani kuna nini.

"Tunachanganya wenyewe dada, usiogope. Wanafunzi wote wanachukua hapa." Buku tano. Babu ameshatoa hela mfukoni, ameikunja vizuri, inaonekana alikuwa anaitunza kwa kazi hiyo.

Nikamwambia turudi siku nyingine. Hakubisha, si unajua watoto wa bweni wanavyofundishwa, ila kwenye daladala alikaa dirishani na hakufungua mdomo mpaka tunashuka. Usiku nimekaa barazani akaja, akasimama mlangoni, akauliza: "Sasa mamdogo, kama ile ni mbaya, nzuri inachukua siku ngapi?"

Hilo ndo swali lililonisumbua wiki zote hizi.

## Kila mtu ana sababu yake

Kwa sababu fikiria, huyu mtoto hajakosa maelezo. Maelezo anayo ya kujaza ndoo. Bibi yake anasema ni damu chafu, anywe mwarobaini. Patroni wa bweni anasema hanawi. Wenzake wanasema ni karanga. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima kabisa, alisema kwa sauti ya chini huku anacheka kwamba zitaisha siku akipata mke. Kuna aliyemwambia apake dawa ya meno usiku, akapaka, ikamuunguza, akabaki na kipande cheusi shavuni ambacho kilidumu kuliko chunusi yenyewe. Kuna wa ndimu na magadi. Na baba yake, shemeji yangu, anasema acheni kumdekeza, mimi nilikuwa nazo kibao na ziliisha zenyewe.

Shuleni wanamuita Kokoto. Hilo nimeambiwa na mdogo wake, yeye mwenyewe hawezi kulitamka.

Ukiwasikiliza wote hao utagundua kitu: kila mmoja ana sababu, hakuna mwenye tarehe. Mtu pekee aliyempa Babu tarehe ni yule dada wa dukani. Siku tano. Mtoto wa miaka kumi na sita anayeitwa Kokoto akiambiwa siku tano, na upande wa pili wanamwambia "vumilia ni ujana", unadhani atamfuata nani?

Mimi ningemfuata wa siku tano.

## Chini ya ngozi

Nikaanza kusoma na kuuliza, kwanza famasi, baadaye kliniki ya ngozi nitakayoifikia. Na kilichonifungua macho hakikuwa dawa, kilikuwa ni jinsi chunusi yenyewe inavyotengenezwa, maana nilikuwa najua juu juu tu.

Kila kinyweleo kina kitundu chake, na pembeni ya kitundu kuna tezi inayotoa mafuta. Ukibalehe homoni zinapanda, zile wanazoziita androjeni, wavulana wanazo nyingi lakini wasichana nao wanazo, na zikipanda zinaziamsha tezi, zinakuwa kubwa na mafuta yanaongezeka. Wakati huo huo ngozi ya ndani ya kitundu, ambayo kawaida inapukutika na kutoka nje, inaanza kung'ang'ania. Mafuta na seli zilizokufa vinagandamana, kitundu kinaziba. Humo ndani kuna bakteria ambao kila mtu anao, msafi na mchafu, mpaka mwaka 2016 walikuwa wanaitwa Propionibacterium acnes sasa ni Cutibacterium acnes, wao wanapenda mafuta na wanapenda sehemu isiyo na hewa, kwa hiyo kitundu kilichoziba kwao ni sherehe. Mwili unashtuka, unatuma askari wake, panavimba, panauma, usaha. Ndo chunusi hiyo.

Sasa uchafu uko wapi hapo?

Haupo. Hata vile vidoti vyeusi puani ambavyo watu wanavikamua kwenye kioo huku wanasema "ona uchafu", weusi wake ni rangi ya ngozi pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa. Huwezi kuvisugua vikaisha. Babu alikuwa anajisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia mara nne kwa siku, yaani kila mapumziko anakimbilia bombani, kwa sababu patroni alisema hanawi. Ngozi ikavimba zaidi, naye akaamini zaidi kwamba ni mchafu. Kunawa mara mbili kwa siku na sabuni isiyo kali kunatosha, kwa mkono, bila dodoki.

Na haziambukizi. Naandika hili kwa ajili ya yule mama aliyemkataza mtoto wake asitumie taulo na Babu. Kila mtu na taulo lake ni tabia nzuri, lakini chunusi haikupatikana huko.

Ila kilichonikalisha chini ni hiki: kuanzia kitundu kinapoziba mpaka chunusi ionekane usoni zinapita wiki kadhaa. Chunusi unayoiona leo asubuhi ilianza mwezi uliopita. Na zile za mwezi ujao zimeshaanza, ziko chini huko, uso unaonekana msafi lakini kazi inaendelea.

Kwa hiyo dawa inayozuia chunusi isitengenezwe haiwezi kukuonyesha kitu ndani ya siku tano. Sio kwamba ni dhaifu. Ni kwamba foleni ya zilizokwishaanza lazima ipite kwanza.

Nilirudia kusoma hapo. Maana yake yeyote anayekuahidi siku tano anafanya kazi nyingine kabisa, sio hii.

## Ya baba yake

Hapa katikati niseme kidogo kuhusu shemeji. Uingereza mwaka 2002 walitoa utafiti wa mapacha wa kike, wakalinganisha wanaofanana kabisa na wasiofanana, wakakuta tofauti ya nani anapata chunusi na nani hapati, asilimia 81 inaelezwa na kurithi. Hapa sisi tunamuuliza mtoto umekula nini, umeshika nini, umefanya nini, na jibu limekaa kwenye kochi linaangalia mpira.

## Karanga, chokoleti na ugali wa bweni

Chakula ndo sehemu watu wanagombana sana, na mimi mwenyewe nilitaka jibu la ndiyo au hapana, nikalikosa.

Mwaka 1969 Marekani watafiti kina Fulton waliwapa watu 65 wenye chunusi chokoleti kwa wiki nne, halafu wiki nne nyingine kipande kinachofanana na chokoleti lakini hakina chokoleti, hawakuona tofauti. Miaka mingi madaktari wakawa wanasema chakula hakihusiki. Baadaye watu wakauliza, jamani kile kipande kingine si kilikuwa na mafuta na sukari vilevile? Sasa mlikuwa mnalinganisha nini na nini?

Halafu 2002 ikatoka habari ya kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea. Watafiti walikagua watu 1,200, ndani yake vijana 300 wa miaka 15 mpaka 25, hawakukuta hata chunusi moja. Wale wanakula viazi, matunda, samaki, nazi. Na 2007 huko Australia walichukua vijana wa kiume 43, nusu wakapewa chakula kisichopandisha sukari haraka kwa wiki 12, hao chunusi zao zilipungua zaidi kuliko wenzao.

Kwa hiyo inaonekana sio mafuta ya chips yanayopanda usoni, wala karanga, maskini karanga imesingiziwa miaka na miaka. Ni vitu vinavyorusha sukari kwenye damu kwa kasi, soda, maandazi, mikate myeupe, vinapandisha insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na insulini inazichochea zile tezi. Maziwa nayo yanatajwa kwa baadhi ya watu. Na ile poda ya protini ya watu wa jimu, wavulana mnaotafuta kifua mjue mara nyingi inatengenezwa na maziwa.

Sasa nenda kamwambie mtoto wa bweni apunguze sembe. Asubuhi uji, mchana ugali maharage, usiku ugali maharage, Jumapili wali. Atachagua nini? Nilichomwambia Babu ni aache zile soda mbili za kantini, basi. Chakula peke yake hakitamponyesha, na sikutaka apewe tena sababu nyingine ya kujilaumu.

## Paji la uso

Hii haikuwepo kwenye orodha ya mtu yeyote nyumbani. Daktari alimwangalia Babu paji la uso, vile vipele vidogo vidogo vimejipanga karibu na nywele, akamuuliza unapaka mafuta gani kichwani. Kumbe mwaka 1970 kuna madaktari Marekani, kina Plewig, Fulton huyohuyo na Kligman, waliandika kuhusu wanaume weusi wanaopaka mafuta ya nywele yakateremka kwenye paji na kuziba vitundu. Wakazipa jina lake kabisa, chunusi za mafuta ya nywele.

Babu anapaka mafuta mazito kichwani kila asubuhi, kisha jua la paredi linayayeyusha. Hiyo ya paji ilikuwa rahisi kuliko zote: acha hayo mafuta, au paka nyuma usiteremshe mbele.

Na vile vipele vya kisogoni na kidevuni baada ya kinyozi sio chunusi hata kidogo. Nywele zetu zimejikunja, zikikatwa chini sana zinageuka na kuingia kwenye ngozi. Mwambie kinyozi asipitishe mashine mpaka kwenye nyama, dawa ya chunusi hapo unapoteza hela.

## Siri ya siku tano

Turudi kwenye kikopo.

Siwezi kusema kile cha siku ile kilikuwa na nini, sikukipeleka maabara. Lakini nilimweleza mfamasia mmoja, bila jina, siku tano, kinachanganywa, akacheka kicheko kisicho na furaha akasema hapo mara nyingi ni steroidi, betamethasoni au klobetasoli, saa ingine na haidrokwinoni ya kung'arisha. Na klobetasoli ni katika steroidi kali kuliko zote za kupaka, imetengenezwa kwa magonjwa mazito ya ngozi, kwa muda mfupi, chini ya daktari.

Na inafanya kazi! Hapo ndipo penye ugumu na sitaki kulificha. Steroidi inazima uvimbe. Chunusi inanywea, maumivu yanaondoka, uso unakuwa mweupe kidogo, siku ya tano unajiangalia kwenye kioo unasema yule dada ni malaika. Wanafunzi wanaochukua pale hawajadanganywa kuhusu siku tano. Wamenyimwa habari ya mwezi wa pili.

Mwezi wa pili na kuendelea ngozi inakuwa nyembamba. Jua linachoma. Vinyweleo vinaota mashavuni hata kwa msichana. Vinatoka vipele vipya, vidogo, vyote saizi moja, hizo sasa ni chunusi zinazoletwa na steroidi yenyewe. Unasema ngoja niache. Ukiacha tu uso unalipuka, unawaka, unawasha, kuliko ulivyokuwa mwanzo. Unarudi dukani mbio. Anakupa kikopo cha pili, na safari hii anakuambia uongeze dozi.

Mteja wa maisha.

Haidrokwinoni nayo ikitumika kiholela miaka mingi inaweza kugeuza ngozi ikawa na mabaka ya bluu na nyeusi, madaktari wa Afrika Kusini waliliandika hilo tangu 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Kwetu vipodozi vyenye viambato hivi vimekatazwa zamani, tangu enzi za TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na toka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango. Sheria ipo. Ndo maana kikopo kinakaa droo ya chini.

Kama unasoma hii na tayari unapaka hiyo kitu miezi kadhaa, usiache ghafla peke yako halafu ukate tamaa ukirudia. Nenda kwa daktari wa ngozi, mwambie ukweli wote, mpelekee na kikopo. Kuna namna ya kukutoa humo, ni polepole, na uso utakasirika kwanza.

## Wiki kumi na mbili

Tulisubiri sana kwenye benchi. Madaktari wa ngozi sio wengi nchini, pale Moshi hospitali ya KCMC kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, kimefundisha watu wa nchi nyingi za Afrika, lakini ukigawanya na idadi yetu bado unakaa kwenye benchi. Habari njema ni kwamba chunusi za kawaida hazihitaji bingwa, mfamasia aliyesoma anaweza kukuanzisha.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alimwambia Babu avue barakoa. Babu akaniangalia mimi. Nikatoka nje, niliona hapo sihitajiki.

Waliponiita tena alikuwa anamuandikia. Asubuhi jeli ya benzoili peroksaidi, asilimia mbili na nusu, sio ya kumi, kwa sababu ya mbili na nusu inafanya karibu kazi ileile na haiunguzi sana. Hiyo inapiga bakteria na haiwafanyi wawe sugu. Usiku adapalini, dawa ya ukoo wa vitamini A, ndo inayozuia vitundu visizibe, na ndo yenyewe hasa. Unapaka kidogo sana, punje ya njegere kwa uso mzima, sio juu ya chunusi moja moja, uso wote, maana unalenga zile ambazo hazijaonekana. Usiku mmoja unapaka mmoja unaacha, mpaka ngozi izoee. Losheni laini juu yake. Mchana mafuta ya kukinga jua.

Halafu akasema maneno ambayo nilikuwa nayasubiri: "Wiki tatu za kwanza utanichukia. Ngozi itakauka, itabanduka, na zinaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Usiache. Wiki ya nane utaanza kuona. Wiki ya kumi na mbili ndo tutaongea kama dawa imefaa au haijafaa."

Babu akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo ni muhula mzima."

"Muhula mzima."

Nilidhani atanuna. Hakununa, aliandika kwenye simu. Na mimi nikabaki najiuliza, ivi ilikuwa inahitaji nini mtu amwambie hivyo tangu kidato cha kwanza? Darasani wanafundisha balehe, wanataja sauti kuwa nzito, wanataja nywele, chunusi inatajwa kwenye orodha halafu kengele inalia. Hakuna anayesema dawa zipo, zinachelewa, zinachelewa kwa sababu hii. Tukinyamaza hapo, nafasi inajazwa na mwenye droo.

Nilimuuliza kuhusu vidonge, maana rafiki yangu mtoto wake alipewa doksisaiklini, ile antibayotiki. Akasema zipo kwa waliovimba sana, zinaendana na jeli, na zisizidi kama miezi mitatu, sio mtu kujinunulia mwaka mzima kwenye duka la dawa, tunawatengeneza bakteria sugu halafu siku ukiugua kweli dawa haikusikii. Na kwa zile kubwa za ndani kabisa zinazoacha mashimo kuna isotretinoini, imetumika tangu 1982, inafika mahali nyingine hazifiki. Ila hiyo ni ya daktari tu, na kwa msichana anayeweza kushika mimba ni hatari kubwa, inaharibu mtoto tumboni. Haichezewi, haiazimwi kwa rafiki.

Jambo dogo: benzoili peroksaidi inachuja rangi ya nguo. Shati jeupe la shule halina neno, lakini sweta la bluu, mto, taulo la rangi, vyote vitatoka mabaka. Mama Babu ameshapoteza foronya.

## Madoa

Kwa ngozi zetu nadhani chunusi ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni doa. Chunusi inaisha wiki moja, doa jeusi linakaa miezi, na ukiangalia vizuri wanaoingia kwenye mikorogo wengi hawakwenda kutafuta weupe, walikwenda kufuta madoa. Ngozi nyeusi ikichokozwa inamwaga rangi, chochote kinachochokoza, chunusi, kutumbua, ndimu, dawa ya meno, dodoki, vyote vinaacha alama. Ndo maana daktari hakutaka dawa kali ya haraka, ukiiunguza ngozi unajiongezea madoa uliyokuja kuyaondoa.

Madoa bapa yanafifia yenyewe, taratibu, adapalini inasaidia, asidi ya azelaiki, dawa nyingine ya kupaka, inasaidia, ila jua linarudisha kazi nyuma. Watu weusi tunaambiana hatuhitaji mafuta ya jua. Ngozi kuungua ni mara chache kweli, lakini doa linazidi kukolea.

Mashimo ni habari nyingine, hayo hayafifii. Na kuna wengine, hasa kifuani, mabegani na kwenye taya, kidonda kinaota nyama kikavimba moja kwa moja. Kwa hiyo kutumbua, jamani. Najua raha yake. Acheni.

## Mabinti

Nimeandika sana ya Babu kwa sababu ndo niliyemshika mkono, lakini mabinti wana ya kwao. Chunusi zikija kwa nguvu, hedhi inaruka miezi, na nywele zinaota kidevuni, hapo usiishie kwenye jeli, nenda kapimwe homoni. Baadhi ya wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango huona chunusi zimeongezeka, wakati vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi vinazipunguza, ni la kuongea na nesi bila aibu. Na mwenye mimba au anayeitafuta asipake adapalini wala asimeze doksisaiklini, azelaiki ni salama kwake.

Wasichana pia ndo wanaambiwa zaidi "jipende ulivyo". Ni maneno mazuri lakini nimeanza kuyachoka. Mtu anaweza kujipenda na bado akataka dawa.

## Mzee wa kochi

Babu amerudi shule na mifuko yake miwili ya dawa na barua ya daktari kwa patroni. Hatujafika wiki ya nane. Alipiga simu ya Jumapili akasema anabanduka na zimetoka mpya kidevuni, ila daktari si alisema. Hakuuliza habari za kikopo. Kama bado ana ile buku tano sijui, sikumuuliza.

Kilichobaki ni hela, maana jeli itaisha katikati ya muhula na dada yangu hana. Nikaenda kwa shemeji. Akaanza wimbo wake, mimi nilikuwa nazo shemeji, mpaka mabegani, hakuna aliyeninunulia hata sabuni, si ziliisha zenyewe? Nikamwambia kwa wengi zinaisha kweli wakifika miaka ya ishirini na kitu, kinachobaki ni mashimo, na shemeji nisamehe lakini wewe unayo, hapo na hapo. Dada yangu jikoni akaangusha mwiko, nadhani kwa makusudi.

Alinyamaza kidogo. Akauliza bei. Nikamtajia, akaguna, akasema hiyo ni hela ya nyama wiki mbili, kisha akachukua simu akanitumia papohapo mbele yangu, na ya kutolea juu.

Halafu akasogea, akashusha sauti. "Hiyo jeli ya asubuhi, ya mgongoni inafaa? Maana mimi za mgongoni hazijawahi kuisha."

Inafaa, nikamwambia, tena ipo ya kuogea. Ila ukipaka usivae juu yake ile jezi yako ya Simba.